Dodoso Namba Thelathini na Saba

Yogyakarta, 4 Aprili 1994

Kwa Baba,

Assalamu alaikum. Nimefika salama, ingawa basi lilitukalisha Temanggung saa tatu nzima kwa sababu dereva ana shemeji pale. Natumai nyote mmebaki na afya niliyowaacha nayo, na kwamba mkono wa Mama ulioungua mafuta ya kukaangia unaendelea kupona.

Baba, siku ya Idi nyumba ilijaa wageni, nikakosa pembe ya kukuambia jambo lililokuwa likinikaba. Huu ni muhula wangu wa kumi na nne, na chuo hakina wa kumi na tano. Nisipotetea utafiti wangu kabla ya tarehe 30 Juni, jina langu linafutwa, na miaka yote hii inakuwa kama sikuwahi kukanyaga hapa. Mara mbili nilibadilisha mada, mara moja msimamizi alistaafu akaondoka na rasimu yangu. Silalamiki. Nakueleza tu mlango ulipobaki wazi.

Ninachouliza ni kitu kimoja: je, nyumba zilizo karibu na mfereji unaopokea maji machafu ya karakana za batiki zina wagonjwa wa ngozi wengi kuliko nyumba zilizo mbali? Mtaa ninaoujua hivyo ni wetu tu. Mimi nina zamu ya mafunzo kwenye zahanati mpaka mwisho wa Mei na ruhusa hakuna. Wewe ni mwenyekiti wa mtaa, kila mlango unakujua. Nisaidie.

Kifurushi nakituma kwa basi la Jumatano. Kina madodoso mia moja, kila nyumba karatasi yake, kila karatasi ina namba inayolingana na ramani niliyoichora wakati wa Idi. Maswali mengine ni ya kuandika, kwa mfano hatua ngapi kutoka kisimani hadi mfereji. Mengine ni ya kuzungushia duara, kuanzia moja, "sikubali kabisa", mpaka tano, "nakubali kabisa". Jina la mtu lisiandikwe. Nahitaji yarudi themanini kwa uchache.

Mwanao,
Wuryani


Sidanom, Pekalongan, 19 Aprili 1994

Kwa mwanangu Wuryani, mtafiti,

Waalaikumu salaam. Barua yako imetukuta tukipumua vizuri, mimi na magoti yangu, ambayo siku hizi yanatembea kwa ratiba yao wenyewe. Mama yako anakusalimu sana. Mkono unapona. Wewe je, unakula? Usiniambie tambi za paketi ni chakula. Nilishawahi kuwa kijana mimi.

Sasa kaa chini. Umekaa? Kazi yako imekwisha.

Nilipofungua kile kifurushi nikaona karatasi mia, roho iliniruka. Milango mia, kila mlango chai, kila chai hadithi ya mjukuu. Ningemaliza mwakani. Halafu nikajiuliza, mwenyekiti ana faida gani kama si kuwakusanya watu? Nikaitisha mkutano wa mtaa. Mama yako akakaanga vipande vya tempe ya soya, nikatandika mikeka, wakaja wakuu wa nyumba wote isipokuwa Bwana Dulrahman, ambaye bado amenuna kwa sababu ya ule ugomvi wetu wa ukuta.

Nilisoma maswali yako moja moja, kwa sauti, kama khatibu. Na kila swali tukalijadili mpaka tukakubaliana. Swali la nne pekee, "Maji ya kisima changu yana harufu", lilichukua dakika arobaini. Bwana Sukirno, ambaye kisima chake karibu kitumbukie kwenye mfereji, alisema tano. Bwana Tasrip wa kule mwisho, mbali na mfereji, alisema moja. Wakaanza kutazamana vibaya. Haji Masruri, mwenye karakana na mwajiri wa wengi wetu hapa, alikuwa amekuja na katoni ya sigara za karafuu, akasema kwa upole kwamba majirani hawagombani kwa ajili ya harufu. Basi tukakubaliana tatu. Tatu haimuumizi mtu.

Tukafika lile la vidonda vya ngozi. Kila mtu akawa anaangalia tempe. Mwisho Bwana Tasrip akasema tuweke mbili, ili binti ya Mwenyekiti asije akaona tumempuuza. Hata hatua za kutoka kisimani tulizipatanisha: zote ishirini na tano, ili asiwepo anayejiona yuko karibu na uchafu kuliko mwenzake. Kisha watu watatu wenye mwandiko mzuri wakajaza zote.

Ulitaka themanini, nimekupa mia. Zinakuja na basi la Ijumaa. Sijisifu, lakini katika miaka kumi na moja ya uenyekiti sijapata kuona mkutano uliokwisha kwa amani namna ile.

Baba yako


Yogyakarta, 25 Aprili 1994

Kwa Baba,

Assalamu alaikum. Kifurushi kimefika. Mimi mzima wa mwili.

Nimeandika barua hii mara ya kwanza kwa hasira, nikaichana. Hii ni ya pili.

Baba, karatasi zote mia zinafanana. Nilikaa siku mbili kwenye duka la kukodi kompyuta nikiingiza namba, na kufikia karatasi ya kumi nilikuwa sihitaji tena kuangalia. Nilipoiamuru mashine itafute uhusiano ilikataa. Haiwezi, kwa sababu hakuna kinachotofautiana na kingine. Nyumba zote ziko hatua ishirini na tano. Watu wote wanaumwa mbili. Kijana wa duka aliniuliza kama nimeingiza mtaa mzima au mtu mmoja mara mia.

Nilimpelekea msimamizi wangu, Bi Pramesti. Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaangalia kalenda iliyo ukutani kwake, akaacha kucheka.

Sihitaji mkubaliane. Nahitaji kule mnakotofautiana, hicho ndicho kitu pekee ninachohitaji. Bwana Sukirno aliposema tano na Bwana Tasrip akasema moja, huo ndio ulikuwa utafiti wangu, na mkaupatanisha.

Natuma mia nyingine. Nakuomba sana, Baba: nyumba moja moja. Mtu mmoja mmoja, jirani asisikie. Akikuuliza ajibu nini, usimwambie. Na kama anaweza kujibu mama wa nyumba, ajibu yeye, kwa sababu ndiye anayeshinda na maji.

Zimebaki siku sitini na sita.

Mwanao,
Wuryani


Sidanom, 14 Mei 1994

Kwa Wuryani,

Waalaikumu salaam, mwanangu. Tuko salama, na nakuomba uwe salama kuliko sisi. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Siku tatu nilikuwa namkwepa hata kuku. Mwanaume wa miaka hamsini na tatu, nimevuruga utafiti kwa tempe.

Haya, nimezunguka. Jioni za kazi na Ijumaa zote, dodoso mkononi, kalamu yako mfukoni.

Usidhani ni rahisi. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bwana Tasrip. Namuuliza kama maji yake yana harufu, ananiuliza, "Tulikubaliana ngapi vile?" Namwambia sahau tulichokubaliana, sema lako. Akanitazama kama nimemwomba avue saruni. "Mwenyekiti," akasema, "ukishakubaliana na watu halafu ukaenda kusema lako pembeni, hiyo inaitwaje?" Nilimwambia inaitwa takwimu.

Nyumba kumi za mwanzo zote zilinipa tatu na mbili zile zile. Ndipo Bi Tumirah, jirani yetu, alipoona ninavyotaabika akaniambia waziwazi kwamba tatizo ni mimi. Hakuna atakayemwambia Mwenyekiti neno ambalo Mwenyekiti atalazimika kulifanyia kitu. Akasema nimpe yeye karatasi, mimi nibaki barazani na waume zao niongee habari za njiwa. Basi ndivyo tulivyofanya, na zile kumi tukazirudia. Mimi nje na njiwa, yeye jikoni na wanawake.

Wur, nilikuwa nasikia kupitia dirishani. Sikukusudia. Bi Sukirno alianza kwa kicheko, akasema maji yao huamka na rangi yake, Jumatatu buluu, Alhamisi kahawia, hata mtu hahitaji kalenda. Kisha akashusha sauti, akasema mjukuu wake anajikuna mpaka shuka inashika damu. Mumewe alikuwa ananieleza habari za njiwa aliyeshinda mashindano ya Batang. Tulitazamana, akaendelea na njiwa wake, nami nikaitikia. Nimekuwa mwenyekiti wa watu hawa miaka kumi na moja, na kila mwezi huwa nauliza kama kuna matatizo, na kila mwezi wananiambia hakuna, nami naandika "hakuna".

Tumepata themanini na tatu. Kumi na saba wamekataa, na sikuwabembeleza.

Jambo moja nikuambie. Haji aliniita juzi, nikiwa kazini kwake, kwenye meza ya kugonga vitambaa kwa mihuri ya nta. Akaniuliza kwa upole, unamjua, sauti yake kama ya mtu anayembembeleza mtoto alale.

"Karyadi, nasikia unazungusha makaratasi tena."

"Ya binti yangu, Haji."

"Safari hii yanasema nini?"

"Hayasemi kitu mpaka yaingie kwenye kompyuta."

Akacheka kidogo. "Mimi na wewe tumezeeka pamoja. Ningependa niyaone kabla hayajaondoka."

Nikamwambia yameshapanda basi. Hayakuwa yamepanda basi. Yalikuwa chini ya kitanda chetu. Nilitoka kazini nikayabeba mpaka kituoni nikikimbia, na kama uliwahi kumwona baba yako akikimbia, basi ulikuwa mdogo sana. Magoti hayajanisamehe mpaka leo.

Ya nyumba yetu, namba thelathini na saba, niliijaza mwenyewe, kuokoa muda.

Baba yako


Yogyakarta, 23 Mei 1994

Kwa Baba,

Assalamu alaikum. Pole na magoti. Nimewatumia mafuta ya kuchua ndani ya kifurushi hiki. Ya kijani ni yako, ya manjano mpe Mama ajaribu penye mkono.

Baba, yamesema! Sijui nikueleze vipi. Nilipiga mstari mmoja wa hatua na mmoja wa vidonda, na nukta zikashuka zenyewe kama ngazi. Nyumba zilizo chini ya hatua thelathini kutoka kwenye mfereji ziko arobaini na moja, na thelathini na mbili kati yake zina mtu mwenye vidonda. Zilizo zaidi ya mia ni ishirini na mbili, na zenye mgonjwa ni tatu tu. Bi Pramesti hakucheka safari hii. Alisema nikimaliza sura ya nne ndani ya wiki mbili, naweza kupata tarehe ya kutetea kabla mlango haujafungwa. Mshukuru sana Bi Tumirah. Mwambie jina lake siruhusiwi kuliandika, lakini yumo kwenye kila ukurasa.

Sasa nina swali, na tafadhali usinijibu kwa utani.

Kuna nukta moja iliyokaa peke yake, mbali na zote. Nilipoiona nilidhani nimekosea kuandika. Kisima kiko hatua nane kutoka kwenye mfereji. Harufu: moja. Rangi: moja. Kuwashwa: moja. Vidonda: moja. Majirani wa kulia na wa kushoto, namba thelathini na sita na thelathini na nane, wamejaza tano kila mahali. Ni sisi.

Bi Pramesti anasema karatasi iliyo mbali hivyo na wenzake inaweza kuondolewa, mradi niandike sababu chini ya ukurasa. Anasema pia inaweza kubaki, kama ni kweli, kwa sababu dunia ina nyumba za bahati. Nimetafuta sababu ya kuandika. Siwezi kuandika, "kwa kuwa ni kwetu". Na siwezi kuiacha kama sijui ni kweli.

Siku ya Idi niliinama nikabusu mkono wa Mama, na ulikuwa umefungwa kitambaa. Mliniambia ni mafuta ya tempe. Baba, mafuta yakirukia mkono huacha alama za matone. Mimi nashinda zahanati siku hizi, naona mikono. Kile kitambaa kilifungwa kuanzia vidoleni hadi juu ya kiganja.

Mwulize Mama maswali yote ishirini. Au tuseme, asiulizwe na wewe.

Mwanao,
Wuryani


Yogyakarta, 6 Juni 1994

Kwa Baba,

Assalamu alaikum, na naomba iwakute wazima.

Wiki mbili zimepita bila neno kutoka kwako. Nimepewa tarehe ya kutetea, 28 Juni. Sura zote ziko tayari isipokuwa mstari mmoja. Bi Pramesti anataka nakala ya mwisho tarehe 16. Baada ya hapo siwezi kugusa chochote.

Sikuombi unipe jibu zuri, Baba. Naomba karatasi tu.

Wuryani


Sidanom, 11 Juni 1994

Kwa mwanangu,

Waalaikumu salaam. Tupo. Hilo ndilo la kwanza, ili usisome yanayofuata ukiwa na hofu ya msiba.

Barua hii nimeianza mara nne. Ya kwanza ilijaa mizaha. Mama yako alitaka isomwe, na Bi Tumirah alipomaliza kumsomea, akauliza, "Hapo kaandika nini?" Nikaona kweli sijaandika kitu.

Basi hivi. Karatasi ya thelathini na saba niliijaza mezani kwetu kabla sijatoka nyumbani siku ya kwanza. Mama yako alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, anapepeta mchele. Sikumuuliza. Nilizungushia duara moja, moja, moja, upesi, kama mtu anayesaini mahudhurio. Wala sikuhisi kama nasema uongo. Nilihisi kwamba nyumba ya Mwenyekiti haifai kuwa na malalamiko.

Mama yako hakunji vitambaa kwa Haji kama tulivyokuambia. Anafanya kazi kwenye mapipa ya rangi. Anachovya, anasuuza, anakamua. Sio mafuta, Wur. Kila mwaka karakana hufungwa wiki mbili kabla ya Idi, mikono hukauka, nawe ukija unakuta mikono ya mama. Mwaka huu oda zilikuwa nyingi, wakafunga siku tatu tu kabla, haikuwahi kukauka. Kitambaa cha ule mkono uliozidi kilikuwa wazo langu. Na mafuta pia. Nina kipaji.

Tuliogopa ukijua utaacha chuo uje ushike pipa mahali pake. Tunakujua.

Barua yako ya mwezi wa tano niliiweka chini ya mihuri yangu ya shaba kule karakana, na juu yake nikaendelea kugonga nta kila siku. Nilijiambia naitafutia maneno. Ile ya tarehe sita haikunikuta mimi, mleta barua alimpa Mama yako mkononi. Akampelekea Bi Tumirah amsomee. Kisha akatoka kwenye mapipa mchana wa saa nane, na aproni yake inachuruzika, akaja mpaka upande wetu wa wagonga mihuri, ambako wanawake huwa hawaji. Tulikuwa wanaume kumi na wanne. Akasimama mbele ya meza yangu.

"Baba Wur, nasikia nyumba zote zimeulizwa. Karatasi yangu iko wapi?"

Nikasema tutaongea nyumbani.

"Nauliza iko wapi."

"Niliijaza mimi."

"Ulijaza nini?"

Hakuna aliyecheka, na unawajua watu wa meza ile, wanacheka hata mazishini. Nilimwambia nilichojaza. Aliitazama mikono yake, akaigeuza, akaniwekea mezani pale pale juu ya kitambaa cheupe nilichokuwa nakigonga, mmoja huku na mmoja huku. Ilibaki alama. Haji alikuwa mlangoni.

Jioni ile Bi Tumirah alikaa naye jikoni na dodoso jipya, lile la akiba. Mimi nilikaa barazani. Wakanifukuza barazani, wakasema nasikia. Nikakaa barabarani kwenye kiti cha plastiki, kila apitaye akiniuliza namngoja nani. Walichukua muda mrefu. Maswali ishirini hayachukui muda ule. Wakaifunga bahasha kwa punje za wali, ndiyo hiyo niliyoiambatisha. Sijaisoma, na sikupewa nafasi.

Haji ameniambia nipumzike nyumbani mpaka atakaponiita. Amesema kwa upole sana. Mama yako hakuambiwa apumzike, kwa sababu wakamuaji wazuri ni wachache, na kesho yake alirudi kwenye mapipa. Mimi sasa ndiye ninayepepeta mchele. Nusu unamwagika.

Dodoso la kwanza litupe. Sababu ya kuandika chini ya ukurasa utaipata mwenyewe, wewe ndiye msomi. Uandike vyovyote, sitakasirika.

Baba yako


Yogyakarta, 2 Julai 1994

Kwa Baba,

Assalamu alaikum. Naomba barua hii ikute miili yenu imepoa na nyumba imetulia. Mimi nimefaulu. Nimeandika haraka hapa mwanzo ili Mama asisubiri.

Karatasi ya Mama ilifika tarehe 14. Nilikwenda nayo duka la kompyuta, nikaifungulia pale pale na kuanza kuingiza. Hatua nane. Harufu, tano. Rangi, tano. Vidonda, tano. Wapi: mikono yote miwili, na miguu mpaka magotini. Miguu hukuniambia, Baba. Labda hujui, amekuwa akivaa saruni ndefu. Kwenda zahanati: hajawahi. Tangu lini: miaka sita na miezi minane.

Nilihesabu kwa vidole mbele ya mashine. Ni mwezi wa kumi, mwaka themanini na saba. Mimi nilipanda basi kuja chuo mwezi wa tisa, mwaka ule ule.

Ikabidi niiingize namba hiyo, kwa sababu safu haikubali kubaki wazi. Nikabonyeza. Ile nukta iliyokuwa peke yake ikahama, ikaenda kukaa pamoja na wenzake. Uhusiano ukapanda. Bi Pramesti alipoona alinipa mkono, akasema, "Sasa namba zako zimekaa vizuri." Nikamshukuru. Nilitoka nikaenda nyuma ya maktaba, nikakaa kwenye ngazi mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimefeli.

Siku ya kutetea walikuwa watahini watatu. Wawili waliuliza mambo ya sampuli na mbona nyumba kumi na saba zilikataa, nikajibu. Wa tatu ni profesa mzee, hasemi sana. Alikuwa akifunua jedwali la nyuma, lile lenye kila mhojiwa na majibu yake, anateremsha kidole. Kikasimama.

"Huyu wa thelathini na saba. Karibu miaka saba ana vidonda, na zahanati iko dakika kumi. Hajaenda hata mara moja. Kwa nini?"

"Dodoso halikuuliza sababu, Profesa."

"Najua halikuuliza. Nakuuliza wewe."

Niliangalia meza. Kulikuwa na bilauri ya maji na sahani ya keki za mchele ambazo hakuna aliyezigusa.

"Sijui," nikasema.

Akaandika kitu, akafunua ukurasa mwingine. Wakanitoa nje, wakaniita tena, wakanipongeza wote watatu. Nimepitia kazi yangu yote tangu siku ile, Baba, kila jedwali, na namba zote ni za kweli. Neno la uongo ni lile "sijui" moja tu, na halimo hata kwenye kurasa.

Nakuja na basi la Alhamisi. Daktari wa pale nilipofanya mafunzo amenipa dawa na barua ya kumpeleka Mama hospitali kuu. Mwambie kuanzia leo asiende kwenye mapipa. Najua atakuwa na la kusema. Atakapouliza nani atakamua, na tutaishije, na Haji ataonaje, keti umsikilize mpaka amalize. Akisema atakwenda, nisubirini nifike tuongee sote watatu.

Lakini mwulize yeye, Baba. Usimjibie.

Mwanao,
Wuryani